Taa Isiyoijua Ambulensi ya Hesbon

Saa nne asubuhi, siku ya soko mjini Kitale, ambulensi ya zahanati ndogo ya Bokoli inalia mbele ya taa nyekundu. Hakuna anayesogea. Nyuma, muuguzi Edinah amemshikilia Wakiuru, mama aliyejifungua alfajiri na ambaye damu imekataa kukatika. Kwenye usukani, Hesbon Wekesa anaikodolea macho taa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Taa hizi ni mpya. Ambulensi yenye kifaa maalumu ikikaribia, zinaigeuzia kijani. Lakini wakubwa wa kaunti walihofia wajanja wangejifungulia njia, wakaamua kifaa kiwekwe kwenye magari ya hospitali kubwa tu. Gari la zahanati ya mashambani lingoje foleni pamoja na malori ya mahindi.

Hatimaye taa inageuka. Wakiuru anafikishwa hospitali kubwa akiwa hai, hoi bin taabani.

Mchana, Wakiuru akiwa ameshaongezewa damu, Hesbon anaosha gari uani mwa hospitali, mkabala na makutano yenye taa. Anasema kabla ya taa hizi hakuhitaji kifaa chochote. Watu wa bodaboda walikuwa wakisikia king'ora, wanasimamisha tuk-tuk na matatu, naye anapita. Siku hizi kila mtu anaiachia taa iamue. Leo alimwomba mwendesha boda ampishe.

"Akaniambia, 'Bana, kama ni mgonjwa wa ukweli, si taa ingekuwa imegeuka?'" anasema. "Mimi niko na mama anakufa, na ati ni taa inaaminiwa."

Hasira bado haijamtoka. Mara barabarani unapita msafara wa mazishi, magari yamefungwa matawi mabichi. Makutano yote yanasimama, taa ikiwa nyekundu au kijani.

"Umeona? Maiti anapishwa. Mgonjwa anaambiwa angoje."

Dereva mwenzake, Ngari, alimshauri naye afunge matawi. Hesbon anakiri kwamba wiki iliyopita aliyakata kweli, akayaweka kando ya kiti. Edinah alipoyaona aliyatupa nje. Alimwambia kwamba mgonjwa akiamka ayakute, atajua wameshamzika.

Zahanati imeomba kifaa na bado haijajibiwa. Hesbon anapanga kwenda mwenyewe kwa wakubwa hao Jumatatu, amevaa sare yake.

Anakamua kitambaa, anaokota jani kavu lililobaki chini ya kiti.

"Nataka hiyo taa inijue," anasema, "kabla sijabeba mtu wa kupishwa kwa matawi."