Daktari wa Moyo wa Makongeni

Kwa miaka miwili mtaa wa Makongeni uliamini kwamba Ndindi, binti wa Mwalimu Muthoki, ni daktari bingwa wa moyo. Muthoki mwenyewe ndiye aliyewaambia, siku ya sherehe ya shahada, mbele ya akina mama wa kanisa. Ukweli ni kwamba Ndindi alisomea patholojia. Kazi yake ni kuchunguza maiti ili ijulikane kilichowaua. Marehemu Kivuva, mume wa Muthoki aliyekuwa karani wa reli, aliacha jina safi, na mjane wake hakuwa tayari kusikia kwamba binti yao anashinda mochari. Nani angemwoa? Nani angekula chapati zake?

Jumamosi hiyo asubuhi Raho, mke wa Burale mwenye duka la jumla, alipiga hodi. Nyuma yake Burale alikuwa ameegemea ukuta, jasho likimtiririka na baridi yote ile.

"Mwalimu, Ndindi amefika?"

"Bado. Kuna nini?"

"Kifua kinambana tangu Alhamisi, na mkono wa kushoto umekufa ganzi. Nikamwambia, ya nini kupanga foleni kwa wageni na daktari wa moyo ni mtoto wetu? Jumamosi lazima aje kumwona mamake."

Tangu Alhamisi! Siku mbili mtu huyu amekuwa akingojea uongo wa Muthoki.

"Mpeleke hospitali, Raho. Sasa hivi."

"Tutamngoja tu. Si yuko njiani?" Raho akavuta kiti.

Midomo ya Burale ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Pale mferejini, jirani yao Njoki na wenzake walikuwa wameacha ndoo zikifurika, masikio yote mlangoni. Muthoki aliwaona.

"Ndindi si daktari wa moyo," alisema. "Niliwadanganya. Ni daktari wa maiti."

Burale ndiye aliyecheka, kwa shida. "Basi huyo anisubiri, Mwalimu. Mimi sina haraka naye."

Raho hakucheka. "Siku mbili, Mwalimu," alisema, akamshika mumewe kwapani wakaenda kutafuta teksi.

Adhuhuri simu ililia. "Wamemlaza. Mshipa wa moyo umeziba. Wanasema tumechelewa, hawajui kama atapona." Raho akakata.

Muthoki alikuwa bado ameishika simu Ndindi alipoingia langoni na mkate mkononi. Alimnyooshea Njoki mkono kama kawaida. Njoki akauficha wake ndani ya leso.

"Mama, watu wana nini?"

Kwa miaka miwili Muthoki alikuwa ameuogopa mkono ule uliofichwa. Sasa hakuwa na nafasi ya kuujali.

"Usivue viatu," alisema, akitafuta kitambaa chake cha kichwa. "Twende hospitali kwa Burale. Ukawaulize madaktari wenzako, kisha unieleze ukweli. Usinifiche kitu."