Mama Odeta Nilimkuta Lindi

Hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa utosini, na sikuwa nimeonja tone la kitu. Nalisema mapema kwa sababu watu wa kijijini kwetu Bukiriro, huko Ngara, wakisikia kisa hiki huanza kwa kuuliza kama nilikuwa nimelewa.

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Hata Ngara mjini siendi ila nikitumwa. Lakini miaka ile ya wakimbizi dada yangu, aliyeolewa Lindi, aliniita nikamwone. Nikafika pwani nimevaa sweta. Nikajifungia ndani kukimbia joto mpaka dada akachoka. "Kaka, hata kuku wangu wanaujua mji kuliko wewe. Toka nje."

Nikatoka kwa miguu. Nikateremka kuelekea baharini, nikapita minazi na nyumba za zamani zilizopauka, nikapotea, nikajifanya sijapotea. Jua lilikuwa limewafukuza watu wote barabarani. Nani hutembea saa ile? Mimi, na mwanamke mmoja aliyekaa kwenye ngazi za nyumba iliyobomoka.

Akanisalimia kwa Kirundi, lugha iliyo ndugu na Kihangaza chetu. Niamini, nilimtambua palepale. Ndiye aliyepita kwetu watu walipokuwa wakikimbia vita Burundi, akamwachia mama yangu binti yake mdogo, Odeta. Alisema anarudi nyuma kumtafuta mumewe, kisha atakuja kumchukua mtoto. Hakuja. Na Odeta kila jioni alikaa kando ya njia, akimngoja.

"Bado anakohoa usiku?" akaniuliza.

"Alishapona. Sasa anatushinda kula. Mama, twende nyumbani ukamchukue."

Akaninyooshea kibuyu cha pombe ya ndizi. Pombe ya ndizi Lindi ilitoka wapi? Sikujiuliza. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu, ndipo unywe. Nikamtania, "Pwani imekusahaulisha desturi, mama? Onja basi."

Akanitazama kwa huruma. "Ningeweza kuonja, mwanangu, ningekwenda kumchukua mwenyewe."

Niliinamisha macho kwenye kibuyu nilichokuwa nimekipokea. Nilipoyainua, ngazi zilikuwa tupu, na mikononi sikuwa na kitu.

Niliporudi Bukiriro nilimweleza mama yangu. Akamwita Odeta akamwambia ukweli, kwamba mama yake alishafariki, akisema njia haiwezi kumlea mtoto. Odeta hakulia. Alinigeukia akauliza neno moja: "Alikuwa na viatu?" Maana mama yake alituacha akiwa peku.

Sikuwa nimeangalia. Nikamwambia ndiyo, vyeusi, vya ngozi.

"Vizuri," akasema. Hakukaa tena kando ya njia.

Kilichobaki kiko kwangu. Hadi leo, sokoni au kanisani, macho yangu huanzia miguuni kwa watu, nao hudhani nina haya.

Basi nawe, ukitembea mji wa mbali ukakutana na mtu wa kwenu mahali asipopaswa kuwa, usikimbie. Mtazame vizuri, kuanzia utosini hadi nyayoni. Nyumbani kuna mtu atakuuliza.