Gobore la Fundi Asiyejulikana

Barua ya kliniki ya kumbukumbu, wanakopimwa wazee wanaosahau, ilikuja Jumanne, nikaisoma nimesimama jikoni, koti bado mwilini. Mstari wa nne ulisema hivi: mgonjwa anashikilia kwamba baba yake alikuwa akiunda bunduki kwa mkono, huenda imani hii ni sehemu ya kuchanganyikiwa kwake. Nikaurudia mstari ule mara mbili. Kisha nikaikunja barua, nikaitupia kwenye droo ya vijiko na kusema kwa sauti, peke yangu, "Thubutu!"

Baba yangu ana miaka themanini na saba. Kusahau anasahau, sitaki kudanganya. Husahau siku, husahau kama amekula, na kuna asubuhi huniuliza kwa nini Tabora kumekuwa na baridi hivi, kumbe tuko Wembley. Kiingereza chake chote kimemtoka. Lakini babu yangu alikuwa fundi wa magobore, na hilo si ugonjwa. Baba mwenyewe alikulia kwenye karakana ya babu ya kuta za udongo, akivuta mivukuto ya kupulizia moto hadi mabega yakamuuma. Yule dada wa kliniki aliyeandika barua alimsikiliza huku anatabasamu, kama mtu anayesimuliwa ndoto na mtoto. Mkalimani nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoka kazini, nimechoka, nikafupisha maneno ya baba na sikumtetea. Hilo ndilo lililonichoma kuliko barua yenyewe.

Basi nikaanza kutafuta. Nilijiambia, mji huu umejaa vitu vilivyobebwa kutoka kwetu, haiwezekani likosekane gobore moja la babu. Miezi minne nilipekua minada ya silaha za kale mtandaoni, kila siku nikimaliza kupika. Polisi niliwapigia simu kwanza, maana mwanamke mweusi anayetaka kununua bunduki London lazima aweke mambo yake sawa mapema. Wakaniambia kama ni ya kale kweli, na itakaa ndani kama kumbukumbu tu, haihitaji leseni. Nikaandika jina la askari aliyenijibu kwenye kalenda ya ukutani, endapo.

Kila nilichokipata nilimwonyesha baba kwenye simu, naye akikikataa. "Hili la kiwandani, Ulaya." "Hili aliyelitengeneza alikuwa na njaa." Siku moja akaninyang'anya simu, akaisogeza mpaka karibu na pua.

"Fundo liko kushoto," akasema.

Mtutu wa gobore lile ulifungwa kwenye mti wake kwa ngozi ya mkia wa nyumbu. Ngozi huvishwa ikiwa mbichi, ikikauka inabana. Mafundi wengine wote hufunga fundo upande wa kulia. Babu alikuwa mashoto.

"Fungua hilo bamba la kifyatulio," baba akaendelea, "ndani utamkuta kinyonga. Ana miguu mitatu. Waliokuwa wakimwiga baba walimpa minne." Serikali ya wakati ule ilimkataza babu kuunda silaha, kwa hiyo alama yake aliichonga pale ambapo askari hawezi kuiona.

Nikasoma maelezo ya muuzaji. Gobore la Kiafrika, la kabla ya Vita vya Pili, kazi duni, fundi hajulikani, linafaa kupamba ukuta wa baa. Kazi duni! Nilitamani huyo bwana awe mbele yangu anitazame machoni.

Badala yake nilimwandikia kwa adabu zote nilizolelewa nazo. Nikamuulizia hali, nikamuulizia na familia, nikamtakia wiki njema, ndipo nikasema shida yangu: angeniuzia moja kwa moja, tukaacha mnada? Na bei yake ya mwisho ni ipi? Akajibu kwa mstari mmoja kwamba kitu kimo mnadani na kitauzwa mnadani. Hata salamu hakuitikia, jamani.

Hapo ndipo palikuwa na mtego. Ningeweza kumwomba afungue lile bamba, apige picha ya ndani. Lakini muuzaji ukimwambia achungulie, umemwambia kuna kitu. Angemwona kinyonga, angeyabadilisha yale maelezo, na wakusanyaji wenye pesa zao wangejaa kama nzi. Na kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililonikataza. Kuomba picha kungekuwa kumuunga mkono yule aliyeandika barua. Ama namwamini baba yangu ama simwamini. Nikasema, potelea mbali, naweka dau juu ya kichwa chake. Kiwango changu cha mwisho kilikuwa nauli niliyoitunza ya kwenda nyumbani Desemba. Zaidi ya hapo sikuwa na kitu.

Namna ya kuweka dau niliijua kwa kuumia. Nilishawahi kupoteza cherehani kwa sababu ya kiherehere, nikaonyesha mapema jinsi ninavyoitaka na mtu akanipiga kumbo dakika ya mwisho. Safari hii ningekaa kimya mpaka zibaki sekunde nane. Mnada ulikuwa unafungwa Jumapili saa kumi jioni. Kosa langu lilikuwa moja tu: asubuhi ile nilituma kiungo cha mnada kwenye kundi letu la wanawake wa upatu, nikawaomba dua.

Saa tisa na nusu bei ilikuwa ya kucheka. Dakika kumi baadaye ilikuwa imepanda mara tatu. Nani huyu tena? Nikaona madau yanaruka moja juu ya jingine, kila moja na mtu wake, na nauli yangu ya Desemba inakaribiwa. Simu ikaita. Alikuwa wifi yangu wa Tooting, anapiga vigelegele.

"Wifi, tumekuchangia! Mimi nimeweka, mwenyekiti kaweka, na wale wa Rayners Lane wameweka. Zikijumlishwa hapo hakuna atakayekuweza!"

Walidhani ni mchango! Walidhani kila anayeweka dau ananiongezea langu, kama tunavyochangiana harusi na misiba. Nilipiga ukelele baba akamwaga chai.

"Wifi, mnanipandishia bei! Mnashindana wenyewe kwa wenyewe!"

"He! Sasa mbona hukusema?"

"Tokeni! Waambie wote watoke!"

Wakatoka, huku kila mmoja ananiombea msamaha kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Dau la juu lilikuwa la wifi. Nikatulia, kwani hata yeye akishinda, si limekuja nyumbani? Zilipobaki dakika mbili akaingia mgeni ambaye hakuna aliyemjua, akampita wifi. Wifi akataka kumrudishia, nikamwambia asithubutu. Acha ajione ameshinda. Nikaandika nauli yangu yote, kidole kikabaki hewani, baba ananitazama. Zilipobaki sekunde nane nikabonyeza.

Likawa letu.

Liliwasili Alhamisi ndani ya boksi refu. Nikaenda kuchukua bisibisi. Baba akaweka mkono juu ya bamba.

"Halifunguliwi," akasema, "mpaka aje huyo mama aliyeandika."

Siku kumi na moja gobore lile lilikaa chini ya kitanda chake, na mimi sikuchungulia. Usiniulize niliwezaje. Nauli yangu ilikwenda, na kama mle ndani hamna kitu, nitakuwa nimemletea yule dada ushahidi dhidi ya baba yangu kwa pesa yangu mwenyewe.

Dada wa kliniki akaja Jumatatu kumpima baba nyumbani, na faili lake. Akamuuliza baba leo ni siku gani. Baba hakujua. Mwezi gani? Hakujua. Dada akaandika. Kisha baba akaniambia nilitoe gobore, akalilaza mapajani.

"Mwambie aandike kabla sijafungua. Kinyonga. Miguu mitatu."

Nikatafsiri neno kwa neno. Dada akanitazama, akaandika. Baba akafungua skrubu za bamba mwenyewe, taratibu, kwa mkono ule ule ambao asubuhi ulishindwa kufunga kifungo cha shati. Bamba likatoka na vumbi jekundu. Dada akawasha taa ya simu yake na kuinama.

Alikuwepo. Mkia umejikunja, jicho limetokeza. Nikahesabu miguu kwa kidole: mmoja, miwili, mitatu. Nikalia mbele ya mgeni bila aibu yoyote.

Baba hakumtazama hata kinyonga. Alimpapasa kwa kidole gumba, kama mtu anayejua kitu chake kiko wapi.

"Waliandika fundi hajulikani," akasema. "Mwambie ashike kalamu. Aandike jina la baba yangu."

Safari hii sikufupisha. Nikalitaja herufi moja moja, na baba akawa anaitikia kila herufi kwa kichwa, mpaka ya mwisho.