Mkeka Uliorudi Nyumbani

Kila Jumamosi mchana, nikishafua na kuanika, hukaa barazani nikayaacha mawazo yaende yatakako. Mara nyingi huenda palepale: Changamwe, miaka ile vita vikuu vilipokwisha na nguo bado ni adimu, siku tuliyomlilia mtu bila hakika kwamba amekufa. Nimezeeka na jambo hili na bado linanichanganya.

Mume wangu alikuwa kibarua bandarini. Ijumaa moja alirudi na habari kwamba ng'ambo, huko kwao fundi wetu wa cherehani, ardhi imetikisika na miji mizima imelala chini. Fundi huyo alikuwa Mhindi aliyeishi peke yake katika chumba cha nyuma ya duka lake, karibu na kwetu. Alitushonea sote, hata nguo za ubatizo za watoto. Mama yake alibaki kwao, naye alimtaja kila mara, hasa akiwa na njaa.

Nilimuuliza mume wangu ardhi hutikisikaje. Akasema hajui, ameambiwa tu. Nikatoka uani nikaikanyaga kwa nguvu kuijaribu, kisha nikajiona mjinga.

Kesho yake duka halikufunguliwa. Jumamosi ndiyo siku vibarua walipokuwa na chochote mfukoni, na fundi hakuwahi kuikosa hata akiwa na homa. Nikamwendea jirani yangu, mwanamke wa makamo kutoka Rabai niliyemwita shangazi ingawa hatukuwa na udugu.

"Shangazi, fundi kafiwa," nikamwambia.

Hakuuliza nimejuaje. Alijifunga leso kiunoni akawaita wengine.

Tulikwenda wanawake sita, tumebeba vinavyotakiwa: kuni, unga, na mkeka wa kukalia matanga. Mkeka ulikuwa wangu. Kwetu kilio huanzia njiani, ili mfiwa asikie kuwa watu wanakuja, basi tulianzia kwenye kona. Na nililia kweli. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimezika mtoto, na hata sasa sijui siku ile nilikuwa namlilia nani.

Fundi alifungua mlango, kalamu mkononi, wino vidoleni. Alitutazama mmoja mmoja.

"Mmeambiwa na nani?" akauliza. "Mama amekufa?"

Shangazi akanigeukia mimi.

"Hatukuambiwa na mtu," nikasema. "Tumeona mlango umefungwa."

Akaketi kizingitini. "Nimefunga nipate kuandika barua, mama. Ya kuuliza." Kisha akakasirika, nami simlaumu. "Chukueni vitu vyenu mwende. Mama yangu hajafa."

Hapo tukakwama. Kwetu kilichopelekwa matangani hakirudishwi nyumbani. Ni kuubeba msiba ukauingiza kwako. Lakini hapa msiba haukuwapo. Au ulikuwapo? Tulisimama njiani na mizigo kichwani, watu wakitupita na kutushangaa. Mwishowe tukaziegemeza kuni ukutani kwake na unga tukauacha hapo. Mimi, kwa aibu, nikaukwapua mkeka wangu nikaondoka nao mbio. Shangazi alinigombeza njia nzima. Nikauchomeka darini na hakuna aliyeulalia tena.

Jumatatu duka likawa wazi, na hilo lilinichanganya kuliko yote. Nilitarajia kumwona mtu aliyevunjika. Nikamkuta anakata kitambaa, mkono umenyooka, kisha akaketi, mguu ukakanyaga cherehani vilevile. Alinipimia uzi bila kunitazama usoni. Nilimkasirikia kidogo, nasema kweli, kana kwamba ananidai nieleze machozi yangu. Baadaye nikakumbuka kuwa mimi pia, wiki niliyozika, nilisonga ugali na mume wangu akala.

Basi Jumamosi zikafuatana. Nilikuwa nikipita pale natupa jicho kwenye zile kuni. Mvua ya masika ikazinyeshea, zikaota ukungu, kisha jua likazipiga. Hakuzitupa wala hakuzitumia. Unga sijui aliupeleka wapi. Niliomba mama yake awe mzima, na nikajikuta naomba hivyo pia ili nisiwe mimi niliyemletea uchuro mlangoni. Maombi hayo mawili sikuweza kuyatenganisha.

Siku moja, Jumamosi tena, nilikuwa napepeta mahindi nikasikia hodi. Alikuwa fundi, na karatasi iliyokunjwa mara nyingi mkononi. Hakuwahi kuja kwangu kabla ya siku hiyo. Nikamkaribisha, hakukaa.

"Mama," akasema, "ule mkeka bado unao?"

"Ninao."

"Walikufa siku ileile ya tetemeko. Mama na dada yangu." Aliitazama karatasi, akanitazama mimi. "Mlipokuja mkilia walikuwa wamekwisha kufa. Mimi ndiye niliyekuwa sijui."

Sikujua nimwombe radhi au nimpe pole. Mpaka leo sijui kama tulikosea. Nilipanda juu ya kinu nikauchomoa mkeka darini, vumbi likanimwagikia usoni, nikamtuma binti yangu amwite shangazi.

"Tangulia," nikamwambia fundi. "Sisi tutakuja kwa njia ya kwenye kona."

Akaitikia kwa kichwa. "Leo mlango nimeuacha wazi," akasema.

Kuni zetu zilikuwa bado ukutani, zimekauka. Tukaziwasha hizohizo.