Neno Nililotamka Zahanatini

Kabla jua halijavuka mlima, mchi wa Mama ulikuwa umeshaniamsha. Alitwanga muthokoi kwenye kinu chini ya upenu wa jikoni, akinyunyizia mahindi maji kidogo ili maganda yatoke, na kila mchi uliposhuka aliimba kipande cha pambio. Harufu ya maganda mabichi ilinifikia kitandani pamoja na moshi. Nilikuwa mtoto wa kuota mchana. Nilijiona mtangazaji wa redio, nikiongea ndani ya kikombe cha bati, nikisalimia watu wote kuanzia kwetu hadi Katangi kwa shangazi. Mama alinisikiliza, akacheka, akaniita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Basi msimu ule mvua ilipokataa kuja, na mahindi shambani yakajisokota yakawa kama kamba, nilianza kusikia mchi ukibadilika. Ulishuka, ukanyamaza. Ukashuka tena. Pambio nalo lilikatikia katikati.

Wakati huo kanisani kwetu kulikuwa kumeingia fundisho la kukiri. Mwinjilisti mmoja mwenye sauti nzuri sana alitufundisha kwamba neno likitoka kinywani mwa mtu aliyeokoka haliendi bure, linakwenda kufanya kazi. Ukisema unaumwa, umeualika ugonjwa ukae nyumbani kwako. Ukisema kuna ukame, umeyafukuza mawingu. Sema umepona. Sema unaiona mvua. Mimi nililipenda fundisho lile kwa moyo wangu wote, kwani mtu wa ndoto angeambiwa nini kizuri zaidi? Nilikiri redio, nikakiri viatu vyekundu. Lakini aliyelishika kuliko sisi sote ni Mama Nduku, rafiki wa Mama na kiongozi wa akina mama kanisani. Siku moja alipita kwetu akielekea mtoni, mtungi mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso.

"Bwana asifiwe! Mnaionaje mvua?"

"Tunaiona kwa imani!" Mama akaitikia.

Baba yangu alikuwa fundi wa mawe na kanisani hakuwa mtu wa kwenda. Akainua kichwa. "Mama Nduku, na huo mtungi unauonaje?"

"Umejaa, Baba Mumbua!"

"Haya basi, nipe maji ninywe, niko na kiu."

Tulicheka sote. Mama alicheka huku ameshika ubavu wake wa kulia, na mkono ule ukabaki palepale hata baada ya kicheko kuisha.

Tangu hapo niliuona mkono huo kila mahali. Jikoni, shambani, kanisani watu wakipiga makofi. Leso iliyomzunguka mara moja sasa ilimzunguka mara mbili. Uso ulikonda, macho yakaanza kuwa na rangi ya manjano, na nyumbani kwetu hakuna aliyelitaja jambo hilo. Majirani walipomuuliza alijibu, "Niko mzima kwa jina la Yesu," kwa tabasamu zuri, mpaka ukaona aibu kuwa umeuliza. Baba alivumilia mwishowe akashindwa. "Mama Mumbua, kesho unaenda zahanati, au nikufunge kwa baiskeli kama gunia." Mama akaenda kwa kumheshimu, akanishika mkono tukafuatana.

Muuguzi alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyechoka. "Mama, unaumwa wapi?"

"Siumwi, sista. Niko mzima kwa jina la Yesu."

"Sasa ukiwa mzima umekuja kunisalimia?" Benchi lote likacheka. "Sema, mama yangu. Mimi siwezi kutibu kitu hakina jina."

Mama akatabasamu tu. Nikaona atanyanyuka tuondoke hivyo hivyo, na mchi utazidi kunyamaza. Nikamgusa ubavuni. "Anaumwa hapa. Hata hawezi kutwanga."

Mama alishtuka kama aliyemwagiwa uji wa moto. "Mwaitu, usinitamkie hivyo!" Kisha akamgeukia muuguzi. "Mtoto huyu ni wa kuotaota, sista." Muuguzi alitutazama mmoja baada ya mwingine, akatazama na foleni. Alimpa vidonge vya maumivu, akamwambia asikawie kwenda hospitali kubwa mjini. Njiani Mama alikaa kwenye jiwe kupumzika, akanivuta karibu, akasema taratibu, "Omba, Mwaitu. Omba lile neno lisitufuate."

Mjini hatukwenda. Kwenda kulikuwa ni kusema kwamba anaumwa. Mama alifariki kabla ya mvua, na mvua yenyewe ilikuja tukiwa tumeshamzika, ikaloanisha udongo wa kaburi. Siku ya mazishi akina mama walikuwa wakichambua mchele uani, nami nimekaa kati yao. Mama Nduku alikuwa analia kweli, si kilio cha kuonyesha watu. "Tulikuwa tumeshashinda," akasema. "Sote tulikiri uzima. Ni mtoto ndiye alitamka." Mmoja akamwambia, "Acha, Mama Nduku." Lakini hakuna aliyesema si kweli. Baba, aliyekuwa karibu, alisema kwa hasira, "Mtoto alisema ukweli, basi!" Nilimpenda kwa hilo. Ila Baba hakuwa mtu wa kanisa, na moyoni mwangu neno lake halikuwa na uzito wa kufungua lililofungwa na mtu wa maombi. Nikaona ni lazima kinywa kilekile kinifungue. Nikangoja. Kila Jumapili Mama Nduku alinikumbatia, alinifumia sweta, alinipa ndizi. Neno la kunifungua hakulisema. Kile kikombe cha bati tukakifanya cha kuku.

Siku hizi niko Kyumbi, nauza machungwa kando ya barabara, na wateja husema sauti yangu ingefaa redioni. Nacheka nao, maana mimi ni mtu wa kucheka. Kanisani mambo yamebadilika. Watu husimama wakasema kwa kipaza sauti, "Niombeeni, niko na sukari," na hakuna anayewakemea. Huwa nainamisha kichwa nikisikia. Ilikuwa rahisi hivyo.

Juzi nikasikia Mama Nduku amepata kiharusi. Nilimpelekea machungwa. Alikuwa kwenye kiti uani, mdomo umevutwa upande mmoja. Nikapiga magoti, nikamuuliza swali nililolibeba tangu utotoni. "Mama Nduku, ni Mumbua. Ni mimi nilimuua Mama?"

Alinishika kwa mkono ulio mzima. Kinywa kilifunguka, kikahangaika, ikatoka sauti isiyo na umbo. Akajaribu tena. Machozi yakamtoka, na mimi hadi leo sijui alikuwa anasema ndiyo au hapana.

Nikamenya chungwa, nikamlisha kipande kwa kipande. Nyuma ya nyumba mjukuu wake alikuwa akitwanga muthokoi. Mchi ulishuka sawasawa, bila kukatika, na hakuna aliyeimba.