Ufa Ulioanzia Kwenye Kona

Baba yangu mdogo ni fundi vioo, na mke wake husema kwamba mtu huyu akiingia nyumbani kwa watu husalimia madirisha kwanza, wenyeji baadaye. Ni kweli. Hugonga kioo kwa ukucha wa kidole gumba, husikiliza, ndipo aulize habari za watoto. Kazi hii alijifunza ujanani katika duka la kutia picha kwenye fremu. Mwaka mzima hawakumruhusu kushika kikatia kioo. Walimpa tambara tu, afute. Anasema mwaka ule wa tambara ndio uliomfundisha kazi, kwa sababu anayefuta hawezi kuukwepa mkwaruzo hata mmoja.

Karakana yake iko kwenye mdomo wa njia ya mkato, kati ya mtaa wetu wa zamani na maghorofa mapya. Upande wetu nyumba zimebaki nusu. Nyingine zilibomolewa, na mahali pake kuna mashine inayoshindilia nguzo ardhini tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka vikombe kabatini vinaongea. Upande wa pili kuna jengo la ghorofa sita lenye rangi ya maziwa, geti, mlinzi na kamati ya wakazi. Ni hatua kama mia mbili tu. Mama mdogo huzipita kila siku kwenda hospitali anakofanya usafi, na bila njia ile angezunguka barabara kuu kwa nusu saa.

Ilianza kwa kioo kimoja cha jengo lile. Mwezi haukuisha, vikawa tisa. Mlinzi, ambaye ni mtu wetu, alikuwa akitusomea yaliyoandikwa kwenye kundi la simu la wakazi. Wametupiga mawe tena. Wahuni wa ng'ambo wamezidi. Mmoja aliandika kwamba ameona vijana watatu wamesimama njiani kwa namna ya kutia shaka. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watatu. Tulikuwa tukimngoja mwenzetu afunge kamba za viatu.

Kila kioo kilipopasuka aliitwa baba mdogo, na kila alipofika alikuta wenyewe wamekwisha kung'oa vipande na kuvifagia kwa hofu ya watoto kujikata. Akapima, akakata, akaweka kipya, akarudi. Fundi viatu anayekaa mkabala naye akamtania.

"Hao vijana wako wa mawe unawalipa kwa siku au kwa dirisha?"

Tukacheka sote, na baba mdogo akacheka. Lakini jioni ile hakumaliza chakula. Baadaye mama mdogo aliniambia kwamba mtu wa kamati alikuwa amekwisha kumuuliza swali hilohilo, naye hakuwa akitania.

Kisha likabandikwa tangazo getini: Jumamosi wakazi wangepiga kura ya kujenga ukuta na kuifunga njia. Ukuta ungepita mbele kabisa ya mlango wa karakana. Kioo kikubwa hakipitishwi dirishani. Baada ya miaka ishirini pale, angelazimika kuhama, na katika mji huu unaojengwa upya, fundi anayehama huwa anahamia mbali.

Niliandika kurasa tatu za kuijibu kamati. Niliuliza ni nani hasa amvunjiaye mwenzake nyumba, yule anayeshukiwa kuwa na jiwe au yule aliyekuja na tingatinga. Bado nayaamini niliyoandika. Baba mdogo aliyasoma yote akiwa amesimama, akanirudishia, akasema nimeandika vizuri ila hakuna aliyeangalia dirisha. Vioo vitatu vya wiki ile vilikuwa bado kwenye fremu zake. Akamwomba mwenyekiti, mama mmoja mwalimu mstaafu, wavitazame pamoja kabla ya kura. Yule mama akakubali, na Jumamosi tukapanda ngazi na watu kama kumi nyuma yetu.

Ghorofa ya nne, kioo cha sebuleni kilikuwa na ufa mmoja mrefu, umeanzia kwenye kona ya chini na kupinda hadi upande wa pili. Baba mdogo akakigonga, akasikiliza, akafungua upande wa pili wa dirisha, uliokuwa mzima.

"Mama mwenyekiti, naomba ushike huo wavu wa mbu hapo nje. Una tundu?"

Yule mama akaupapasa wote, taratibu, kama anayesahihisha daftari. "Hauna."

"Sasa jiwe lilipita wapi?"

Akaeleza kwamba fremu hizi zimekazwa mno, kioo hakikuachiwa nafasi ya kupumua. Mashine ikitikisa ardhi, fremu inajikunja kidogo, na kioo kinapasuka kuanzia kwenye kona. Ghorofa ya pili ilikuwa hivyohivyo: ufa wa kona, wavu mzima. Watu wakaanza kunong'ona. Wiki nne walikuwa wakilala na hofu, na hakuna aliyewahi kunyoosha mkono aguse wavu wa dirisha lake.

Dirisha la tatu lilikuwa la jikoni, chini kabisa, kwa mzee mmoja aishiye peke yake. Nililiona kabla baba mdogo hajalifikia. Wavu ulikuwa na tundu, na kioo kilikuwa na alama ya nyota katikati. Nikamvuta shati, nikamnong'oneza aseme ni yaleyale, mambo yamekwisha kutunyookea. Akanitazama kama anavyomtazama mtu aliyekata kioo bila kupima.

"Hiki ni jiwe," akasema.

Mweka hazina wa kamati, aliyekuwa amevaa nguo za mazoezi, akapiga makofi mara moja. "Si tulisema? Nani karusha?"

"Hilo sijui, ndugu yangu. Mimi nasoma kioo, sisomi mikono ya watu."

Yule mzee mwenye jiko akamsogelea baba mdogo.

"Na vile vya juu una hakika navyo, fundi?"

"Mzee, kama ningekuwa na nia ya kudanganya, ningeanza na hiki chako."

Mzee akacheka hadi akakohoa. Walipopiga kura kule chini, mikono ya kutaka ukuta ilikuwa minne, na wa kwake haukuwamo. Badala ya kujenga, kamati ikaazimia kumwandikia mkandarasi mwenye mashine. Mwenyekiti akaniomba mimi niandike hiyo barua, na akasisitiza iwe ya ukurasa mmoja.

Jumatatu yule mzee alitaka kuchagua kioo mwenyewe. Alikuwa ameishi pale mwaka mzima bila kuikanyaga njia ile. Alitembea nyuma ya baba mdogo, akiitazama kila kona, akafika karakana, akapewa kigoda. Akauliza kwa nini kioo kikikatwa hulia vile. Baba mdogo akamweleza, na kwa kuwa mzee hakuridhika, akakata kipande cha mabaki ili asikie tena. Mashine ilikuwa ikitikisa ukuta. Kazi ya robo saa ikachukua asubuhi nzima, na mama mdogo alipopita akitoka kazini aliwakuta wawili hao wameinama juu ya meza, hakuna hata mmoja aliyemsalimia.