Bibi wa Nyuma ya Lango

Hivi Fulgensi hana mdomo? Kila anayetaka habari zake anakuja kwangu, ananikuta napepeta mchele, anavuta kigoda bila kukaribishwa, eti "Bibi, tuandikie." Haya. Nitaandika mara moja tu, na nikisikia kuna mtu ameipindisha huko mbele, mimi na yeye tutatafutana.

Fulgensi ni mtoto wa dada yangu Dorika. Siku hizi ni fundi baiskeli, anaziba pancha karibu na stendi ya Ifakara, lakini hakuzaliwa na spana mkononi. Alikuwa mkulima wa mpunga ng'ambo ya mto, tena mkulima haswa. Msimu ulipofika alivuka na mama yake na watoto wake wawili, Beno na Balbina, wakahamia kwenye dungu kulinda mpunga na ndege mpaka mavuno. Asiyelijua dungu ajue ni kijumba kilichoinuliwa juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi, maji yanapita chini yako nawe umelala. Mkewe, Rosa, mwaka ule wa tisini na nane alibaki mjini kwa sababu alikuwa amejifungua.

Mvua za mwaka ule kila mtu anazijua. Maji yalikuja Alhamisi saa sita mchana, yakaja na magogo na nyoka. Mtumbwi ulikuwa mmoja, mdogo, wa kubeba mtu na nusu. Dorika alisimama mlangoni pa dungu akapiga kelele, "Peleka watoto!" Fulgensi akapeleka watoto. Aliwaacha juu ya kichuguu kikubwa walikokimbilia wakulima wenzake, akageuza mtumbwi. Aliporudi, nguzo mbili zilikuwa zimesimama na dungu halipo. Dada yangu hatukumpata mpaka leo.

Habari hiyo kila mtu aliijua, na kila mtu alimwambia Fulgensi neno moja. Padri alimwambia. Mwenyekiti wa kitongoji alimwambia. Dada yake Merina, aliyeolewa Kidatu kwa mkata miwa, alimlilia begani akimwambia: kaka, hukuwa na njia nyingine. Fulgensi alilishika neno hilo kama mtu aliyeshika kamba. Asubuhi alipoamka alijiambia hilo, akinawa alijiambia hilo, ndipo akaweza kwenda kazini. Jembe hakulishika tena.

Mwaka uliofuata tulipanga misa ya kumkumbuka Dorika na kusimamisha msalaba ukingoni, kwa kuwa kaburi hakuna. Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Fulgensi, mzaliwa wa kwanza, ndiye wa kusimama mbele ya watu na kusoma wasifu wa marehemu: amezaliwa lini, amezaa wangapi, amekufaje. Karatasi aliianza mapema. Alifika kwenye "amekufaje", kalamu ikagoma.

Sasa, pale stendi ukuta kwa ukuta na banda lake kulikuwa na banda la video la kijana anaitwa Adolf. Jioni alionyesha picha za ngumi. Mchana, wateja wakiwa wachache, aliwasha mashine ya gemu aliyoitoa Kariakoo, mtumba, ina vishikio viwili na kimoja kibovu. Jenereta ilinguruma nyuma, moshi wote unaingia kwa Fulgensi. Siku moja mvua ilimfukuza kwenye pancha zake, akaingia humo kujikinga. Hakutoka mpaka jenereta ilipokata.

Gemu yenyewe ilikuwa ya nchi isiyokuwapo, ina majoka na watu wenye mapanga yanayowaka. Kuna askari kijana, wao walimwita Kapteni, amelelewa na bibi kipofu. Chini ya mji wao amelala joka la maji. Joka linaamka, maji yanapanda, Kapteni anapigana wiki nzima, na mwisho kabisa anafika kwenye lango la mawe. Akilifunga, maji yanabaki nyuma na mji unapona. Lakini nyuma ya lango amebaki yule bibi. Akiliacha wazi ili amtoe bibi, wanaruka wawili kwa ndege mkubwa na mji wote unazama. Hapo mchezaji anachagua mwenyewe.

Mara ya kwanza Fulgensi alipofika hapo, aliliacha wazi. Banda zima likamcheka.

"Fundi, umezamisha mji mzima kwa ajili ya bibi mmoja!" Adolf alishika kichwa. "Tena kipofu!"

"Kamlea."

"Kamlea yeye. Na wale wa mjini, wao waliota kama uyoga?"

Mdogo wake Adolf, Gladness, alikuwa kidato cha tatu, ndiye aliyekuwa akiwasomea Kiingereza cha kwenye kioo. Alisema, "Baba Beno, kuna watoto pale darajani. Umewaona?"

"Nimewaona."

"Basi umewaua."

Kabula alikuwa amekaa mlangoni na galoni lake la maziwa. Ni Msukuma, mumewe ana ng'ombe kule Mchombe, naye kila akimaliza kuuza anaingia banda la Adolf kupumzisha miguu. "Mwache fundi," alisema. "Kwetu, mtu aliyemfungia mlango mama aliyemlea, nani atakula naye sahani moja?"

"Dada Kabula," Gladness alimuuliza, "na wale watoto wa darajani hawana mama?"

"Wanao. Wakaokolewe na mama zao. Hizo zote ni kazi za huyu mmoja?"

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Fulgensi hakucheka. Aliuliza, "Bibi mwenyewe anasemaje pale langoni?"

"Anasema funga," Gladness alijibu. "Anasema, funga mwanangu, mimi nimekula chumvi ya kutosha."

Fulgensi akasema, "Basi kama kasema mwenyewe, aliyefunga hana kosa."

"Mama gani hatasema hivyo?" Kabula alinyanyua galoni lake. "Hiyo ndiyo siku unayomsikiliza? Siku nyingine zote ulikuwa wapi?"

Kabula hakuwa na habari ya Dorika. Alikuwa ametoka Shinyanga miezi minane tu nyuma. Alisema vile akaondoka zake, na maneno yake yakabaki na Fulgensi.

Kuanzia hapo akawa mtu wa gemu. Baiskeli za watu zinalala chali nje, miguu juu, yeye yuko ndani. Alifunga lango, akaenda nyumbani hakula. Alifungua lango, hakula vilevile. Ubishi ulikuwa kila siku na yeye ndiye aliyeuchokoza. Anamuuliza dereva, anamuuliza mtu anayesubiri basi la Mahenge: "Wewe ungefunga?" Mtu akisema ningefunga, anamuuliza kwa nini. Mtu akisema nisingefunga, anamuuliza kwa nini. Adolf akachoka.

"Fundi, ni gemu tu. Miisho ni miwili, yote mibaya. Chagua mmoja ukazibe pancha."

"Una hakika ni miwili?"

"Mimi ndiye mwenye mashine!"

Ukweli ni kwamba Fulgensi alitaka iwe miwili. Alitaka aambiwe na mashine, ambayo haimjui wala haimwonei huruma, kwamba hata aliyetunga alikaa akawaza na hakuona njia nyingine. Angeimaliza ile karatasi siku hiyohiyo.

Gladness alirudi bwenini kwake. Alipokuja likizo ya Pasaka, alikuja na kipande cha karatasi. Mwenzake wa darasani ana kaka Morogoro, na huyo kaka ameona mwisho wa tatu.

"Hakuna!" Adolf alisema.

"Upo. Unaanzia mwanzoni. Bibi anamsemesha Kapteni mara tatu kabla ya safari. Usibonyeze kitu. Uyasome maneno yote mpaka mwisho, halafu umtii."

"Yale maneno marefu? Mimi nayaruka."

"Kila mtu anayaruka, ndiyo maana."

Walianza upya Jumatano baada ya Pasaka. Fulgensi alishika kile kishikio kizima, Gladness akatafsiri. Bibi kipofu amekaa jikoni. Anasema, maji ya kisima yamebadilika harufu, mwanangu, usiende, tuwahamishe watu kwanza. Kidole gumba cha Fulgensi kilikuwa kimezoea kuruka. Alikitoa kwenye kitufe akakikunja ndani ya ngumi. Bibi akasema mara ya pili, mezani. Mara ya tatu alisema asubuhi, Kapteni akiwa ameshavaa viatu. Gladness anasema Baba Beno alikuwa anatoka jasho kama mtu mwenye homa.

Mwisho ulikuwa huu. Watu wote walihamia mlimani mapema na mbuzi wao. Lango lilifungwa na nyuma yake hamna mtu. Bibi kipofu alikuwa amekaa juu ya jiwe anakula, na Kapteni anampepea moshi.

Banda likapiga makofi. Kabula akapiga kigelegele. "Si nilisema! Hapo sawa!"

"Fundi, umeshinda!" Adolf alimtikisa bega. "Wa kwanza Ifakara nzima! Vipi wewe?"

Fulgensi aliweka kishikio chini taratibu, kama kitu cha moto. Akatoka. Hakwenda nyumbani kwake, alikuja kwangu.

Aliniambia jambo ambalo hakumwambia padri. Jumanne ya wiki ile ya maji, Dorika alimwita chini ya dungu akamwonyesha chungu wekundu wanapanda nguzo, wamebeba mayai yao. Akasema, mwanangu, tuhame. Fulgensi akamwonyesha alama. Sisi huku kila mwaka maji yakifika mwisho tunakata nguzo kwa panga, ili mwakani tujue. Yeye alikuwa amelijenga dungu mkono mzima juu ya alama ya mwaka uliopita. "Mama, maji yalifika hapa. Sisi tuko hapa. Chungu wanajua nini?" Jioni, wakila, Dorika akasema tena. Jumatano asubuhi akasema mara ya tatu, na mtumbwi upo, na mto bado mpole, wangevuka hata kwa safari nne. Fulgensi akamjibu, "Mama, siku tatu tu mpunga ukatwe. Unanichosha." Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia kabla ya Alhamisi. Unanichosha.

Mimi nilizaliwa tumbo moja na Dorika. Hakuwa mtu wa kusema jambo mara tatu. Kwake mara mbili ni nyingi.

"Mama mdogo," alisema, "nikiisoma ile karatasi kama wanavyotaka, nitakuwa nimemruka tena."

Nilimwambia afanye anavyojua. Nilimpa ugali, akala.

Jumapili ile tulitoka kanisani tukaenda ukingoni, msalaba wa mninga ukiwa begani kwa wanaume. Ng'ambo zile nguzo mbili zilikuwa bado zimesimama na alama yao inaonekana. Fulgensi akafungua karatasi. Alisoma kuzaliwa, alisoma ndoa, alisoma watoto. Alipofika kwenye kufa, aliikunja akaitia mfukoni, akasema kwa mdomo. Chungu. Alama. Jumanne, jioni, Jumatano. Akasema na lile neno.

Watu waliangalia miguu yao. Beno, wa miaka tisa, alikuwa anamwangalia baba yake.

Merina alikuwa amekaa chini karibu nami. Aliinuka taratibu.

"Mara tatu?"

"Mara tatu, dada."

"Na mimi mwaka mzima nawaambia watu hukuwa na njia nyingine. Nimegombana na wakwe zangu kwa ajili yako."

"Najua."

"Hujui." Alichukua lile shada la maua alilolitoa Kidatu, akaliweka kwenye maji badala ya kwenye msalaba, akaenda stendi na nguo zake za misa. Hajarudi. Alipojifungua hatukuitwa. Rosa alipougua, Merina alituma salamu kwangu, si kwa kaka yake.

Fulgensi bado yuko pale. Lile neno la hukuwa na njia nyingine hana tena, na hakuna aliyempa jingine. Gemu hagusi. Adolf aliiuza mashine, anasema imemletea mkosi. Kila Jumamosi Fulgensi anakuja kwangu, anakaa, ananipasulia kuni. Siku moja aliniuliza, "Mama mdogo, na wewe je?" Nikamwambia kuni zile za mwisho amepasua nene. Sijamsamehe. Mkitaka nidanganye, mngemwomba mwingine aandike. Lakini kuni zake nawasha, na sahani yake naiweka.

Nimemaliza, sasa ni zamu yako wewe uliyesoma. Huwezi kukaa hapo unasikia ya watu halafu ukafunga karatasi ukaenda kulala. Mabasi yanapita Kidatu kila siku. Shuka pale, uliza Merina mke wa Hilari, mkata miwa, mwenye mwanya. Mpe karatasi hii. Kama mwandiko wangu unamshinda kusoma, msomee wewe, na usiruke neno. Umwambie mama yake mdogo kasema: kama ni kumtukana kaka yake, aje amtukane hapa uani kwangu, usoni, na watoto wake tuwaone. Halafu urudi uniambie amejibu nini. Nitakuwa hapahapa. Na safari hii subiri ukaribishwe ndipo ukae.